Bi Mize na Lulu Zilizozaa

Paukwa!

*Pakawa!*

Palikuwa na kasha.

*Likafungwa!*

Palikuwa na ufunguo.

*Ukafichwa!*

Palikuwa na mjusi ukutani.

*Akayaona yote!*

Basi sogeeni karibu na moto, tuanze mwanzo, twende katikati, ndipo tufike mwisho; asitokee mtu wa kuniuliza la mwisho tukiwa mwanzoni. Nawe uliyevaa bangili tatu, tuliza mkono kidogo. Zinanijibu kabla ya wenzako.

Hapo zamani za kale, katika mji wa Mafumbaweni, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Bi Mize binti Haji. Alikuwa na nyumba ya mawe, mjukuu wa kike aitwaye Siwema, na lulu saba. Majirani walipotaka kumtania walisema: Bi Mize akimtaja mjukuu wake huhema mara moja, akizitaja lulu zake huhema mara saba.

Lulu hizo hakuzipata kwa siku moja. Ya kwanza alipewa na mama yake siku ya ndoa. Ya pili aliibadilisha kwa mikeka kumi na miwili, ambayo ukili wake aliusuka kwa vidole vyake mwenyewe. Ya tatu aliletewa na mumewe alipojifungua. Ya nne aliletewa na mumewe baada ya ugomvi. Ya tano vivyo hivyo. Ya sita vivyo hivyo, na ugomvi huo inasemekana aliuanzisha yeye. Ya saba aliikuta ndani ya chaza aliyempasua kwa ajili ya kitoweo. Siku hiyo alishinda na njaa, lakini alishinda akicheka.

Lulu hizo alizitia katika kijaluba cha fedha, juu ya pamba. Kijaluba akakitia ndani ya kasha, pamoja na vikuku na bangili zake. Kasha akalifunga kwa ufunguo. Ufunguo akauzika katika gunia la mchele. Na kila mwezi ulipoandama, Bi Mize aliufukua ufunguo, akafungua kasha, akafungua kijaluba, akahesabu moja hadi saba; kisha akafunga kijaluba, akafunga kasha, akauzika ufunguo. Kuvaa hakuvaa. Alisema ngozi ingezila.

Alikuwa na shauri moja tu duniani. Sonara wa mji, Fundi Makame, alikuwa amekwisha kumtengenezea kidani cha fedha chenye vikombe vidogo tisa, kila kikombe cha kukaa lulu moja. Kidani hicho angekivaa Siwema siku ya kutolewa nje, yaani siku bibi harusi anapokalishwa kitini mbele ya wanawake wote wa mji, atazamwe kuanzia utosini hadi kwenye kucha.

"Lulu nane hazitoshi," alikuwa akisema Bi Mize, "na saba ni aibu."

Fundi Makame, mtu mpole, alimshauri zaidi ya mara moja. "Bi Mize, fedha ikifungiwa huwa nyeusi, na lulu isiyogusa ngozi hupoteza nuru. Zivae. Tena bawaba ya kijaluba hiki imelegea, kifuniko hakikai sawasawa. Niachie siku moja tu nikutengenezee."

"Nikuachie kijaluba siku nzima, Fundi? Na mimi siku hiyo nipumue nini?"

Akaenda zake na bawaba yake iliyolegea. Kumbukeni bawaba hiyo. Nitaihitaji baadaye.

Sasa, Mafumbaweni palikuwa na desturi. Bibi harusi hatolewi nje kwa vyombo vya nyumba yao pekee. Kila nyumba ya mtaa humuazima chombo kimoja: hii mkufu, hii vipuli, hii vikuku. Siku ya tatu vyombo hurudishwa vimesuguliwa vikang'aa, pamoja na kisahani cha halua. Hivyo hata binti wa nyumba isiyo na kitu alikaa kitini kama binti wa sultani, na hapakuwa na chombo kilichoozea kashani.

Alipoolewa binti wa kwanza, wanawake walibisha kwa Bi Mize. "Hodi, Bi Mize! Tumekuja kuazima."

"Karibuni. Ole wangu, kijaluba kiko kwa sonara!"

Alipoolewa binti wa pili, walibisha tena. "Hodi, Bi Mize!"

"Karibuni. Ole wangu, ufunguo wa kasha umenipotea!"

Alipoolewa binti wa tatu, walibisha mara ya tatu. "Hodi, Bi Mize!"

"Karibuni. Ole wangu, vile vyombo ni vya marehemu, havitoki nje!"

Wanawake wakasema, "Haya, Bi Mize," wakaondoka. Hawakugomba. Walikariri tu.

Ukutani mwa chumba hicho aliishi Mama Mjusi, mweupe kama chokaa, mwenye tumbo lililoanza kuwa zito. Alitafuta mahali pa kutagia. Akaenda darini, akamkuta paka. Akaenda nyuma ya mtungi, akamkuta kuku. Akaenda nyuma ya mlango, akaukuta ufagio. Akafikiri: "Ni wapi katika nyumba hii hapaingii paka, wala kuku, wala ufagio, na hata mwenyewe haendi ila mara moja kwa mwezi?"

Akapita katika tundu la ufunguo. Akapita chini ya kifuniko cha kijaluba, pale penye ile bawaba. Akakuta pamba safi. Akataga mayai mawili, meupe, ya mviringo, makubwa kidogo kuliko punje ya mtama na madogo kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Akatoka, akashukuru.

Mwezi ukaandama. Bi Mize akaufukua ufunguo, akafungua kasha, akafungua kijaluba, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Nane. Tisa.

Akaanzia upande wa pili. Tisa. Akafumba macho, akahesabu kwa kidole. Tisa!

"Siwema!" alipiga ukelele. "Siwema, mjukuu wangu! Lulu zimezaa!"

Kutoka darini ikasikika sauti: "Tik, tik, tik! Bi Mize, saba ni zako, mbili ni zangu."

Bi Mize akainua uso. "Wewe mla mbu, una lulu wapi?"

"Sikusema lulu. Nimesema ni zangu."

"Husuda hiyo! Nenda kalamba ukuta."

Hilo lilikuwa onyo la kwanza.

Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikuwa na habari. Wanawake wakaja. Bi Mize akawasimamisha mlangoni, akainua kijaluba mbali, akasema, "Tazameni kwa macho, mikono ikae nyuma."

Bi Kidawa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akakaza macho. "Shoga, mbona mbili hizi hazina mng'ao?"

"Vichanga hivyo, Kidawa! Lulu changa ina haya. Huanza kung'aa ikizoea watu."

"Na ni kubwa kuliko mama zao."

"Zimelishwa vizuri."

Wakamuuliza siri ya malezi. Bi Mize akajiweka sawa kitini, akahesabu kwa vidole kama mwalimu wa chuo. "Kwanza, pamba mpya. Pili, karafuu tatu pembeni. Tatu, na hilo ndilo kubwa, usiazime mtu. Chombo kinachozunguka mitaani hakipati utulivu wa kuzaa."

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwani wanawake wale walirudi majumbani wakafanya vilevile. Wa vikuku akavifungia vikuku. Wa mkufu akaufungia mkufu. Yupo aliyefungia pete mbili pamoja, moja kubwa moja ndogo, akazifunika kitambaa zisione haya. Karafuu zikaadimika sokoni. Na hapana nyumba iliyotoa tena chombo kuazima.

Baada ya wiki moja, Mama Mjusi akasema tena kutoka darini: "Tik, tik, tik! Bi Mize, saba ni zako, mbili ni zangu. Nirudishie kijaluba mahali pake, unanitikisia sana."

Maana tangu siku ile Bi Mize hakungoja mwandamo. Alifungua asubuhi, adhuhuri na alasiri, kutazama kama imeongezeka ya kumi.

"Ninatikisa vyangu," alijibu Bi Mize. "Wewe tikisa mkia wako."

Hilo lilikuwa onyo la pili.

Harusi ya Siwema ikawadia, ikafungwa, na kutolewa kwake nje kukapangwa Ijumaa. Siku ya Jumanne Bi Mize akamwambia shangazi wa Siwema apite nyumba kwa nyumba kuomba vyombo, kama desturi. Alikwenda na kapu. Alirudi na kapu.

"Wamesemaje?" aliuliza Siwema.

"Nyumba ya kwanza, vikuku viko kwa sonara. Nyumba ya pili, ufunguo wa kasha umepotea. Nyumba ya tatu, mkufu ni wa marehemu. Ya nne ikaanza upya kwa sonara."

Siwema akamtazama bibi yake. Hakuwa binti wa makelele. "Bibi, mtaa mzima unasema kwa maneno yako."

Bi Mize akafungua kasha apate angalau vikuku vyake mwenyewe. Vilikuwa vyeusi kama masizi ya chungu. Bangili nazo vivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza kitu kikamgusa kifuani, lakini akakifukuza.

"Acha wafunge makasha yao! Sisi tuna lulu tisa. Kidani kile kikikaa shingoni mwako, nani atatazama miguu?"

"Na kisipokaa?"

"Kitakaa."

"Bibi, nitatazamwa na mji mzima. Nisije nikakaa kitini shingo tupu kama kuku aliyenyonyolewa."

"Kitakaa, mjukuu wangu," alisema Bi Mize, na safari hii alihema mara moja tu.

Jumatano asubuhi akatoka na kijaluba kwenda kwa Fundi Makame. Hakwenda peke yake. Aliita wanawake wa mtaa washuhudie, akatangulia mbele, Siwema ubavuni mwake amejifunika mtandio hadi machoni, kwani bibi harusi hatakiwi kuonekana kabla ya siku yake. Lakini Siwema alisema kidani ni cha shingo yake, na nani mwingine atakipima? Na ndani ya mkunjo wa kanga ya Bi Mize alijificha Mama Mjusi, akining'inia kwa vidole vyote ishirini.

Fundi Makame akatandika kitambaa cheusi. Akaweka kidani. Akatoa keekee yake, ile sindano ya kutobolea inayozungushwa kwa uta. "Kila lulu nitaitoboa tundu dogo chini, ipate kukaa katika kikombe chake," akaeleza. Mama Mjusi akayasikia hayo.

Ikatobolewa ya kwanza, ikakaa. Ya pili, ikakaa. Ya tatu, ikakaa. Hadi ya saba. Fundi akatikisa kichwa. "Zimepauka, Bi Mize. Zimekaa gizani mno."

"Endelea, Fundi. Fika kwa watoto."

Hapo Mama Mjusi akatokeza kichwa kutoka katika kanga. "Tik, tik, tik! Bi Mize, nakuomba! Saba ni zako, na zimekwisha. Mbili ni zangu. Asiwatoboe!"

"Umenifuata hadi huku? Fundi, usimsikilize. Tangu siku zilipozaa, usingizi umemruka kwa wivu."

Hilo lilikuwa onyo la tatu. Hapana la nne.

Fundi Makame akaishika ya nane. Akaipima kiganjani. Akaitazama, akamtazama Bi Mize, akaitazama tena. Akaiweka sindano chini taratibu.

"Bi Mize, lulu za namna hii nazijua. Hata mimi ninazo mbili, nyuma ya rafu yangu."

"Unazo? Nawe ulitumia karafuu?"

Kabla Fundi hajajibu, lulu ikasema: *ki*. Ikajitikisa juu ya kitambaa cheusi.

Bi Mize akaruka kutoka kitini. "Fundi, usiiguse! Inazaa tena!"

Wanawake wote wakasogea. Ufa mwembamba ukapita katikati ya lulu. Ufa ukawa tundu. Katika tundu kikatoka kichwa kidogo kisichozidi punje ya mchele. Kikatazama kushoto, kikatazama kulia, kikamtazama Bi Mize machoni. Kisha kikatoa ulimi, kikalamba jicho lake chenyewe. Ikafuata ya tisa. Vijusi viwili vikasimama juu ya kidani, na Mama Mjusi akateremka mkononi mwa Bi Mize kuvichukua.

"Ahsante kwa kunilelea," alisema. "Pamba ilikuwa safi. Karafuu ilinikera kidogo."

Kisha Bi Kidawa akasema kwa sauti ya adabu kabisa: "Hongera, shoga. Umepata vitukuu hata kabla Siwema hajatolewa nje. Huyu wa kushoto amechukua pua yako."

Hapo duka likavunjika kwa kicheko. Walicheka wakashikana mabega. Walimcheka Bi Mize, kisha wakakumbuka pete walizozifunika vitambaa, wakajicheka wenyewe kwa nguvu zaidi. Siwema naye alicheka ndani ya mtandio. Lakini alipotazama kidani na vikombe viwili vitupu, kicheko kikamkauka.

Bi Mize aliliona hilo. Wakati wengine wakifuta machozi, yeye aliona mtandio ukitulia. Akaviona vikombe viwili vitupu, akaziona lulu saba zilizopauka. Na masikioni mwa Bi Kidawa akaona vipuli viwili vya lulu, vinang'aa kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Kidawa alikuwa amefungia bangili zake kama wenziwe, lakini vipuli alishindwa kuvivua. Alisema masikio yake bila vipuli hayasikii vizuri. Miaka ishirini alikuwa akivivaa, akiviazima, akirudishiwa.

Neno ambalo Bi Mize hajalitamka tangu aolewe likapanda polepole kooni.

"Shoga Kidawa. Naomba uniazime lulu mbili."

Bi Kidawa akashika masikio yake kwa mikono miwili. "Ole wangu! Vipuli vyangu viko kwa sonara."

Fundi Makame akasema, "Kweli viko kwa sonara. Vimekuja na masikio yao."

"Basi ufunguo umenipotea."

"Havina ufunguo, Kidawa," alisema Bi Mize kwa sauti ndogo.

"Basi ni vya marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Sijamchagua bado. Ngoja niwaze."

Wakacheka tena, na safari hii Bi Mize akacheka nao, kicheko cha kwanza kisicho cha lulu. Bi Kidawa akavua kipuli cha kulia, akavua cha kushoto, akaviweka juu ya kitambaa cheusi. "Nakuazima. Lakini sikiliza sharti. Kidani hiki kisirudi kashani. Akishakivaa Siwema, kiende kwa bibi harusi atakayefuata, kisha kwa atakayefuata, wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo. Siku nitakapozihitaji lulu zangu, nitakuja kuzidai."

"Nimekubali," alisema Bi Mize.

Fundi akazitoa lulu katika vipuli, akaziketisha katika vikombe viwili vya mwisho. Saba zimepauka, mbili zinang'aa. Kisha akakichukua kijaluba, akaitazama ile bawaba, akamtazama Bi Mize.

"Kiache kama kilivyo, Fundi," alisema yeye. "Mama Mjusi amekizoea."

Alasiri ile makasha ya mtaa mzima yakafunguliwa. Vyombo vikasuguliwa kwa majivu, vya Bi Mize vikiwa vya kwanza, na alivisugua mwenyewe hadi viwiko vikamuuma. Ijumaa Siwema akakaa kitini amevaa chombo cha kila nyumba, na kidani shingoni. Wapo waliosema lulu saba kati ya zile zilionekana kama wageni waliochoka njiani. Hapana aliyesema shingo ilikuwa tupu.

Kidani kikatoka shingo hadi shingo. Mwaka wa kwanza kikavaliwa na mabibi harusi watano. Wa pili, saba. Kila kilipovuliwa kilifutwa kwa kitambaa laini kilicholowana maji kidogo, kikakaushwa, kikapumzika siku tatu, kikaenda. Ngozi haikuzila lulu. Ngozi ilizifufua.

Mwaka wa tatu Bi Kidawa akabisha hodi. "Shoga, nimekuja kuzichukua zangu mbili."

"Karibu, Kidawa. Kidani hicho hapo juu ya kiti. Zichague."

Bi Kidawa akainama. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akatazama hadi ya tisa. Zote ziling'aa sawasawa, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Akaanzia upande wa pili. Akafumba macho, akapapasa kwa kidole. Akamwita Fundi Makame. Fundi akatazama, akajua, lakini akasema, "Macho yangu siku hizi si mazima."

Wanawake hao wawili wakatazamana.

Kutoka darini ikasikika sauti: "Tik, tik, tik! Msiniulize mimi. Zangu mbili nilikwisha kuzichukua."

Basi kidani kikabaki cha mtaa, na Bi Mize, alipokuwa akikitaja, hakuhema tena. Alicheka.

Funzo lake ni hili: pambo hutunzwa kwa kuvaliwa, kwa kufutwa na kwa kupeanwa, anayelifungia atafungua siku moja akute masizi, au akute wapangaji. Nami nilikuwapo siku ya kutolewa nje kwa Siwema. Niliahidiwa kisahani cha halua, na kisahani nilikipata. Halua ililiwa na aliyenisimulia.

Kasha nimelifunga, ufunguo nimewapa nyinyi. Nawe wa bangili tatu, kabla hujalala, muazime jirani yako moja. Ila zihesabu kwanza, na ukikuta ya nne, usipige ukelele.